Faili Saba kwa Sekunde Tisa

Ripoti ya kamati ya hospitali ilikuwa na kurasa nne na doa moja la mafuta. Doa lilikuwa ukurasa wa mwisho, pembeni mwa sahihi, lenye umbo la kidole gumba, na Inspekta alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama maneno. Mtu alikuwa anakula huku akitia sahihi karatasi ya kumpeleka mwenzake gerezani. Hata mkono hakufuta.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Jumapili mchana, kati ya saa nane na saa tisa, wodi ya tatu, mgonjwa wa kitanda cha saba, mama wa miaka sitini na moja, alifariki baada ya bomba lake la oksijeni kuchomoka. Kengele ya meza ya wauguzi ililia. Muuguzi wa zamu hakuitikia. Jumatatu kengele hiyo ilijaribiwa mbele ya mashahidi watatu, ikalia vizuri. Basi ni uzembe, na mwenye uzembe apelekwe polisi.

Muuguzi mwenyewe alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, na sare ileile nyeupe aliyokamatwa nayo jana, Jumatano. Kifuani palikuwa na alama ya kitu kilichokauka, rangi ya manjano.

"Hiyo nini?" Inspekta aliuliza.

"Mate. Mtoto wa marehemu alinitemea wakati naingizwa kwenye gari." Hakujaribu kuifunika. "Simlaumu. Ameambiwa nilimwacha mama yake afe."

Ilikuwa saa mbili unusu asubuhi. Saa nane mchana angesomewa mashtaka.

"Sista, nieleze tena. Kengele."

"Haikulia, Afande."

"Kamati inasema ililia."

"Kamati haikuwepo. Nilikuwepo mimi na wagonjwa kumi na wanne."

"Ulisinzia?"

"Natamani ningekuwa nimesinzia. Walau ningelijua kosa langu."

Inspekta aliandika. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwandiko wake mkubwa kama wa mtoto wa shule, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali jipya kabla ya jibu la zamani kupoa.

"Mashine ya kitandani haina sauti yake?"

"Inayo. Tumeamriwa tuzizime zote. Tangazo liko ukutani, wagonjwa wapumzike, kengele ya mezani inatosha."

"Nani alitia sahihi tangazo?"

"Mkuu wa mitambo."

"Saa nane na nusu wewe ulikuwa wapi?"

"Kitanda cha nne. Babu mmoja alikuwa amejichafua. Nilivuta pazia nimsafishe, nimpe heshima yake."

"Na kengele iliwahi kugoma?"

"Miaka sita, hata siku moja. Aliifunga Mzee Daftari." Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo. "Fundi wa zamani, amestaafu mwaka jana. Hakugusa kitu bila kuandika daftarini. Tulikuwa tunamtania, Mzee, leo umepiga chafya mara mbili, umeandika?"

"Wiki iliyopita kuna kilichobadilika wodini?"

Muuguzi alifikiri. "Jumamosi fundi alikuja kutengeneza printa. Hakuna kingine."

"Mlimwandika?"

"Kila anayeingia na bisibisi tunamwandika. Alitufundisha Mzee Daftari."

*

Manukato ya mkuu wa mitambo yalimtangulia hadi ukumbini. Mwenyewe alikuwa ofisini, nyuma ya meza pana, na kipaja cha kuku wa kukaanga mkononi. Alikilaza juu ya rundo la karatasi za kazi, akafuta vidole ndani ya mfuko wa suruali, akanyoosha mkono. Inspekta aliupokea kwa kuwa kazi ilimtaka aupokee. Ulikuwa na joto, na uliteleza.

"Karibu mama, karibu sana. Msiba mkubwa huu. Tumeumia kama familia." Alichomoa kijiti, akachokoa jino la nyuma. "Lakini ndiyo hivyo, wauguzi wa siku hizi. Kutwa nzima wako kwenye simu."

"Nani alijaribu kengele Jumatatu?"

"Mimi mwenyewe! Saa tatu asubuhi. Ilipiga kelele wodi nzima ikaruka."

"Kwa nini hamkuijaribu Jumapili, palepale?"

Kijiti kilisimama mdomoni. "Jumapili watu walikuwa na majonzi, mama."

"Inaendeshwa na nini?"

"Na mashine kuu. Kompyuta moja iko kule nyuma, inapokea habari za vitanda vyote vya wodi ya tatu, ikiona hatari inatuma ujumbe mezani, kengele inalia."

"Mara ya mwisho iliguswa lini?"

"Haiguswi! Inakwenda yenyewe, kama moyo." Alicheka, akatoa kipande cha nyama kwenye jino, akakitazama, akakirudisha mdomoni.

Inspekta aligeuza uso. Ndipo macho yake yakaangukia barua iliyowekwa kwenye fremu ukutani, wino wake bado mbichi. Aliisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei sokoni. "Bodi inakupongeza kwa kukamilisha kupandisha mfumo wa mashine kuu siku ya Jumamosi, kabla ya saa tano, kwa wakati wa ziara yetu."



"Aa, hiyo!" mkuu wa mitambo alisema. "Hayo mambo ya ndani tu. Ni kama kumvalisha mtu shati jipya, mwili ni uleule. Na wala sikufanya mimi. Fundi wangu ndiye aliyefanya. Kama kuna kilichoharibika, jina lake ndilo limo mle ndani."

"Sijasema kuna kilichoharibika."

"Ndiyo, ndiyo. Nasema kama."

Mtu aliyekuwa na mhalifu wake tayari, tena aliyefungiwa selo, alikuwa ameshaandaa wa pili wa akiba. Inspekta alitoka nje, akanawa mikono kwenye bomba la uani mara mbili, kwa sabuni. Kisha akapitia wodi ya tatu. Tangazo lilikuwa ukutani kama muuguzi alivyosema. Kitanda cha saba kilikuwa kimeshapata mgonjwa mwingine. Alihesabu hatua kutoka pazia la kitanda cha nne hadi pale: sita. Halafu akaomba daftari la matengenezo, akasoma mstari wa Jumamosi, akalitia kwapani.

Simu aliyopiga baada ya hapo ilikuwa kwa Mzee Daftari.

*

Chumba cha mashine kuu kilikuwa choo zamani. Vigae vyeupe bado vilipanda ukutani hadi kiunoni, na sakafuni palikuwa na tundu lililozibwa kwa saruji kwa haraka, hivyo harufu ilikuwa imejitafutia njia. Vikombe vitatu vya chai vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Kwenye kopo la rangi kulikuwa na mifupa ya kuku, na mende waliokuwa juu yake hawakujisumbua kukimbia.

Mzee Daftari alisimama mlangoni akiwa ameziba pua kwa leso. Alikuwa mwembamba, kalamu nne mfukoni, viatu vimepigwa rangi. "Nilikuwa napiga deki humu kila Ijumaa," alisema. Hakusalimia hata.

Fundi wa sasa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliinuka kwenye kiti. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Ni wewe unakula humu?"

"Hapana Mzee. Mimi sili kazini."

Mzee aliegemea meza ya mashine. Haikutikisika. Alikunja uso. "Meza hii ilikuwa inacheza tangu nilipoikuta." Alipiga magoti taratibu, akainama, akavuta kitu chini ya mguu wa nyuma. Meza ilianza kuyumba. Mkononi mwake kulikuwa na daftari la jalada gumu, limebonyea katikati kwa uzito, kurasa za chini zimelowa maji machafu ya sakafu na kugandamana.

Alilifuta kwa leso ileile ya pua, mbele na nyuma.

"Nani aliliweka pale?" Inspekta aliuliza.

Fundi alitazama sakafu. "Nililikuta hivyo, Afande. Mkuu alisema ni makaratasi ya zamani."

Mzee alifungua ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa umepona, akamkabidhi Inspekta. Juu palikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: *Faili kumi na moja nilizozibadilisha kwa mkono. Anayepandisha mfumo asome hizi kwanza.* Chini yake zilifuata, kila moja na sababu yake. Ya saba ilikuwa na duara la wino mwekundu.

"Nieleze kama unamweleza mpishi," Inspekta alisema.

"Vizuri. Mashine hii ikiletwa inakuja na faili zake za maelekezo. Nani apewe nini, kitu gani kiende wapi. Hizo ni za kiwandani, hazijui kama hapa ni hospitali au duka la viatu. Kwa hiyo fundi anazirekebisha zikae kama mahali panavyotaka. Miaka ikipita, mfumo unapandishwa toleo, na toleo jipya linakuja na faili mpya za kiwandani. Sasa hapo ndipo kazi ilipo. Mashine yenyewe ni muungwana, haifuti zako kimyakimya. Inasimama, inakuonyesha. Kushoto mstari wako wa zamani, kulia mstari mpya. Inakuuliza, nichukue upi? Unasoma, unajibu. Mstari kwa mstari."

"Na mtu akijibu kulia, kulia, kulia?"

"Amefuta kazi ya miaka sita na bado mashine itamwambia imekamilika salama."

Inspekta aliweka kidole kwenye duara jekundu. "Hii ya saba?"

"Ndani ya mashine za aina hii kuna mwenyeji mmoja, mtumiaji mkuu. Habari zote za hatari huandikiwa yeye, kama barua. Lakini si mtu, ni jina tu. Kwa hiyo nilitia mstari mmoja kwenye faili ya saba: barua ya mtumiaji mkuu ipelekwe meza ya wodi ya tatu. Ikifika mezani, kengele inalia. Juu ya mstari huo niliandika onyo: usiufute huu, kuna watu wanapumua kwa ajili yake."



"Haya," Inspekta alimwambia fundi, "fungua hiyo faili."

Fundi alikaa, akaandika. Maandishi meupe yakajaa kwenye skrini nyeusi. Mstari ulikuwepo, na onyo juu yake. Tarehe ya faili ilikuwa ya miaka miwili iliyopita.

Kama mstari haukufutwa, kengele ililia, na mwanamke aliyekaa kituoni na mate kifuani alikuwa mwongo. Inspekta alitazama saa. Saa tano na robo.

"Basi iko sawa," fundi alisema haraka. Haraka mno.

Mzee Daftari alikuwa amechukua miwani mfukoni. "Sogea, mwanangu." Alivuta kibodi, akasita, akatazama vidole vyake. Vitufe vilikuwa vinanata. Kimoja, kile kikubwa cha kukubali, kilikuwa kinang'aa mafuta. Alifuta vidole kwenye kigae, akaandika amri moja fupi.

"Afande, faili ina alama tatu za wakati. Moja inasema yaliyomo yaliandikwa lini, nyingine ilisomwa lini mara ya mwisho. Hizo mbili mtu anaweza kuzidanganya kwa amri moja, akaweka tarehe anayoitaka. Ya tatu ni mashine inajiandikia yenyewe, kila faili inapoguswa kwa namna yoyote, hata kwa kudanganywa. Hiyo hairudishwi nyuma kirahisi hivyo." Alielekeza kwa kalamu. "Soma."

Inspekta alisoma. Jumatatu, saa moja na dakika sita asubuhi.

"Masaa mawili kabla ya kengele kujaribiwa," alisema.

Mlango ulisukumwa, manukato yakaingia, kisha mkuu wa mitambo. "Naona mmeanza bila mimi! Mzee, za kustaafu?" Mzee Daftari hakuupokea mkono wake.

"Umekuja wakati mzuri," Inspekta alisema. "Mzee, kuna kumbukumbu ya Jumamosi? Yale maswali ya kushoto na kulia?"

"Kila jibu limeandikwa, na dakika yake na sekunde yake."

Kumbukumbu ilikuwa ndefu. Mzee aliisoma polepole, na Inspekta akaiandika kwa mwandiko wake mkubwa. Faili ya kwanza, dakika kumi na mbili, mistari ya zamani na mipya imechanganywa vizuri. Ya pili, dakika tisa. Ya tatu, dakika kumi na tano. Ya nne ikaisha saa nne na dakika tano. Aliyefanya hizo alikuwa mtu anayesoma.

Kisha pengo la dakika kumi na nane.

"Ya tano hadi ya kumi na moja," Mzee alisema, "zote saa nne na dakika ishirini na tatu. Jibu la zote, chukua mpya. Faili saba kwa sekunde tisa."

"Mnaona?" mkuu wa mitambo alimgeukia fundi kwa huzuni kubwa. "Nilikuamini. Jina lako hilo hapo, juu ya kila mstari. Afande, mimi ni mtu wa haki, kama ni huyu basi ni huyu."



Inspekta alitoa daftari la matengenezo la wodi ya tatu kwapani. "Jumamosi," alisoma. "Printa imekwama. Fundi ameingia saa nne na dakika kumi. Ametoka saa tano kasoro dakika kumi. Amesaini mwenyewe, na amesaini muuguzi wa zamu." Aliinua macho. "Ni muuguzi yuleyule. Huyo mliyemfunga ndiye shahidi kwamba fundi wako hakuwa kwenye kiti hiki. Sasa ni nani aliyekaa?"

"Mtu yeyote angeweza..."

"Nani alikutuma wodini?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Afande, mimi..."

"Nani?"

"Shemeji," fundi alisema, na mara akajishika mdomo, kama mtu aliyeponyokwa na sahani mkononi.

Mkuu wa mitambo alikuwa mwekundu masikioni. "Hapa kazini usiniite hivyo!"

"Ni mume wa dada yangu," fundi alisema, na sasa maneno yalitoka yote kwa pamoja. "Ndiye aliyeniingiza kazini. Wageni wa bodi walikuwa wanakuja saa tano, akasema nachelewa kama naandika Kurani kwa mkono. Akanituma kwenye printa. Niliporudi alikuwa amekaa hapa na kuku wake, ananiambia, umeona, kazi ya kubonyeza tu. Sikutazama. Nilijua natakiwa nitazame, sikutazama. Jumapili mama akafa. Jumapili usiku alikuja nyumbani kwangu na dada yangu, dada akiwa jikoni akaniambia kesho asubuhi rudisha mstari na urudishe tarehe, la sivyo wote tutakula mchanga."

"Na ukarudisha."

"Nikarudisha."

"Huyu mtoto anachanganyikiwa," mkuu wa mitambo alisema. "Haya ni mambo ya kitaalamu, mama. Zilikuwa faili kumi na moja! Maandishi madogo madogo. Nani anasoma hayo?"

"Ulisoma hata moja?"

"Nilikuwa na wageni."

Ndipo Mzee Daftari alipouliza swali ambalo Inspekta asingelijua kuliuliza. Alimuuliza fundi, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Sanduku la mtumiaji mkuu umelifungua?"

Uso wa fundi ulibadilika.

"Mstari ukiwa haupo," Mzee alimweleza Inspekta, "barua hazipotei. Zinabaki kwa mwenyewe. Kwa mtumiaji mkuu, humuhumu ndani."

"Aliniambia nifute kila kitu," fundi alisema. "Hakujua kama kuna sanduku. Mimi nilijua. Nililifungua Jumatatu. Niliingia mara mbili nizifute, kidole kikagoma."

"Usitafute sifa hapa," Inspekta alimwambia. "Ulizisoma Jumatatu. Leo Alhamisi. Jana usiku yule dada amelala kwenye saruji karibu na ndoo ya haja, na wewe umelala kwako. Fungua."

Alifungua. Barua zilikuwa ishirini. Kila moja ilikuwa na mstari mmoja, na zilipangana kwa dakika mbili mbili, bila kuchoka. *Kitanda 7, oksijeni inashuka. Saa 8:14.* *Kitanda 7, oksijeni inashuka. Saa 8:16.* Kitanda 7. Kitanda 7. Kuanzia ya kumi na moja neno lilibadilika, *hatari kubwa*. Ya kumi na tisa ilikuwa saa 8:50. Ya ishirini, saa 8:53, ilisema waya umechomolewa. Huyo alikuwa muuguzi, alipomkuta.

Nusu saa nzima na zaidi mashine ilikuwa imepiga ukunga, na kila ukunga imeupokea yenyewe, ikauweka vizuri kwa mpangilio.

Mende mmoja alipanda ukingo wa kikombe, akatumbukia.

"Lakini," mkuu wa mitambo alisema baada ya muda, akilainisha tai yake, "kwa upande mwingine, mnaona, mashine yenyewe ilifanya kazi. Hilo linaweza kuandikwa vizuri kwenye ripoti."

Inspekta alifunga kalamu yake.

"Printa iko wapi?"

"Inayofanya kazi ni moja," fundi alisema. "Wodi ya tatu."

"Tuondoke. Na wewe," alimwambia mkuu wa mitambo, "utatembea mbele yangu, polepole, nikuone mikono."

"Mama, tuelewane. Jina langu litatokea kwenye karatasi?"

Inspekta alitoa ripoti ya kamati, akafungua ukurasa wa mwisho, akamwonyesha doa. "Limeshatokea. Umeliweka mwenyewe."

*

Saa saba na nusu alikuwa kituoni. Mtoto wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, mwanamume mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, amekuja kusikia mashtaka yakisomwa. Hakuwa na mtu mwingine naye. Inspekta alimpa karatasi kabla hajampa mtu yeyote, hata mkubwa wake.

Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Hizi zilikuwa zinaandikwa kwa nani?"

"Zilitakiwa ziende kwa muuguzi. Mtu alifuta njia. Zikabaki ndani ya mashine."

"Muuguzi hakupata hata moja?"

"Hata moja. Alikuwa hatua sita kutoka kwa mama yako, anamsafisha mzee mwingine."

Mwanamume alikunja karatasi mara nne, akaikunjua tena. "Niliambiwa alikuwa kwenye simu. Yule bwana alikuja hadi msibani kuniambia. Akala, akanywa, akanishika bega."

Inspekta alimfungulia mlango wa ndani. Muuguzi aliinuka alipomwona, akarudi nyuma hatua moja hadi ukutani, na mkono ukaenda kifuani bila yeye kujua.

Mwanamume aliiona alama. Aliitia karatasi mfukoni.

"Dada," alisema. "Nipe hiyo sare nikaifue."

Muuguzi alimtazama Inspekta, Inspekta akaitikia kwa kichwa kumthibitishia. Imekwisha. Hakuna mashtaka. Hakurukaruka, wala hakulia. Alikaa polepole, kama mtu aliyetua mzigo na bado anauhisi mabegani.

"Sare nitaifua mwenyewe," alisema. "Wewe kaa hapa. Hakuna aliyekueleza asubuhi ya mwisho ya mama yako ilikuwaje."

Mwanamume alikaa.

"Aliamka mapema. Alikunywa chai yote, akasema nimembania sukari. Akanituma nimsogeze karibu na dirisha, akanihesabia ndege waliotua kwenye waya..."

Inspekta aliurudisha mlango bila kuufunga kabisa, akaenda kunawa mikono kwa mara ya tatu.